Baada ya Kuzaliwa Yona

Miezi mitatu ya kwanza baada ya Yona kuzaliwa, Dorkas hakuchoka kumsifu mkamwana wake. Kila aliyepita mbele ya nyumba yao, huko juu Mbaga, alisimamishwa akaambiwa.

"Mnamwona Eva huyu? Mtoto ana wiki sita mgongoni, naye ameshapalilia maharage mpaka kule bondeni. Binti wa kambi ya mkonge, lakini anawashinda wa hapa hapa."

Wala haikuwa sifa ya uongo. Eva alifagia uwanja mara tatu kwa siku. Alifua nguo ambazo hazijachafuka. Alikula makande kwa bakuli kubwa, akaongeza, na bado akazidi kukonda. Mikono ilimtetemeka akimimina chai, na jasho lilimtoka hata ukungu ulipokuwa umeifunika migomba yote. Usingizi aliusikia kwa wenzake tu. Siku moja alimfokea mumewe mbele ya wageni kwa sababu ya kijiko, kisha akacheka, na kabla wageni hawajajua wacheke naye au la, akalia. Dorkas aliyaona yote hayo. Lakini kazi ilikuwa inakwenda, na kazi ikienda watu hawaulizi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya wanawake wawili na mtoto. Dorkas alikuwa mjane wa miaka sitini na moja, mwenye goti moja bovu na mtoto mmoja tu aliyebaki hai, Anderson. Huyo Anderson alikuwa karani wa ghala la ushirika kule Same kwa miaka kumi na mmoja, hadi asubuhi moja ya mwaka tisini na mbili yalipobandikwa ukutani majina ya waliopunguzwa kazi, na lake likiwamo. Tangu hapo aliuza mitumba sokoni, akilala kwenye chumba cha kupanga, na kupanda mlimani kila baada ya Jumamosi moja. Eva aliolewa naye akitokea tambarare. Baba yake Eva aliletwa zamani pamoja na manamba, vibarua wa mkataba, kutoka Kigoma kuja kukata mkonge, akafia huko huko. Mama yake, Rosemary, alikuwa bado anaishi kambini, njia ya Hedaru. Dorkas hakuwahi kufika huko. Alisema ni mbali.

Kisha ukaja mwezi wa saba, na baridi yake.

Eva alivaa sweta la Anderson, la kijani, lililotoka kwenye robota la mitumba likiwa na vifungo visivyofanana, na hakulivua tena. Mwanzoni alijilaza kidogo baada ya chakula cha mchana. Baadaye akawa anajilaza baada ya chai. Jembe likasimama pembeni mwa mlango mpaka buibui wakalizoea. Akichana nywele, zilibaki kwenye kitana. Uso ulimvimba kidogo, hasa chini ya macho, na sauti ikawa nzito, ya mtu aliyeamshwa sasa hivi. Ukimwuliza jambo, jibu lilichukua muda kufika, na lilipofika lilikuwa fupi. Maziwa yakapungua. Yona akilia, mama yake alimtazama kama unavyomtazama mtoto wa jirani, ukingoja mwenyewe aje amchukue.

Kazi zote zikamrudia Dorkas. Alichanja kuni na kuchota maji. Zamu yao ya kufungulia maji ya ndiva, lile bwawa la kijiji, ilipofika, ni yeye aliyeshuka na jembe kuyaelekeza shambani, goti likimlalamikia kila hatua, na Yona akiwa mgongoni. Alimpikia mtoto uji. Alimwosha na kumbembeleza. Jioni alikaa kwenye kigoda akajiona amekuwa mzito kuliko kigoda chenyewe. Mwili ulichoka kwanza. Kisha moyo nao ukachoka, na uchovu wa moyo ukageuka kuwa maneno.

Maneno hayo aliyapeleka kwa jirani yake Eliaichi, wakisimama kwenye mpaka wa shamba. Alisema kwa Chasu, lugha ya Wapare, tena bila kupunguza sauti, maana Eva wa Kigoma angejuaje Chasu?

"Mwanangu hakuoa mke, ameoa mzigo. Wakati ule alikuwa anajionyesha tu ili tumsifu. Sasa ametulia, ametuonyesha rangi yake. Hata mtoto wake mwenyewe hampendi."

Eliaichi akatikisa kichwa kwa masikitiko, na kufika Jumapili usharika mzima ulikuwa umesikitika. Akina mama wa kanisa walikuja wanane, wakaimba, wakaomba. Kiongozi wao alimshika Eva bega akamsihi aseme kama kuna dhambi yoyote aliyoificha, kwa kuwa dhambi iliyofichwa huziba maziwa. Eva alifikiri kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu kwenye sanduku la mwenzake.

"Sijui," alisema. "Labda ipo. Sikumbuki."

Jibu hilo halikumsaidia.

Anderson alipopanda Jumamosi yake, mama yake alimpokea langoni, kabla hajatua hata mfuko.

"Mkeo halimi, hapiki, hanyonyeshi vizuri. Mimi ndiye mama wa Yona sasa."

"Amechoka, mama."

"Amechoka na nini? Mimi ndiye niliyechoka, Anderson! Mimi!"

Anderson alimtazama mama yake, akatazama mlango wa chumba ambamo mkewe alikuwa amelala na jua bado liko juu, akakosa pa kusimama. Jumatatu akashuka Same. Na alipopanda tena alikaa siku moja badala ya mbili.

Mwezi wa kumi mvua za vuli zilichelewa, joto likapanda hadi mlimani. Watu walikaa vivulini wakijipepea kwa kadi za michango ya kanisa. Eva bado alikuwa ndani ya sweta la kijani, amelifunga hadi kifungo cha juu. Mchana mmoja Dorkas alirudi kutoka shambani akamkuta Yona amekaa sakafuni, amelowa, amelia mpaka sauti imekatika. Eva alikuwa kwenye mkeka, hatua mbili kutoka kwa mtoto. Hakuwa amelala. Macho yalikuwa wazi.

Dorkas alimnyakua mjukuu wake. Ulimi ulikuwa umeshakaa tayari kwa matusi. Ndipo Eva alipouliza, polepole, bila machozi:

"Mama, mtoto akifiwa na mama yake akiwa mdogo hivi, si humsahau? Hateseki sana, eti?"

Matusi yalimwishia Dorkas kinywani. Alikaa chini na mjukuu wake aliyelowa mkojo mapajani. Alikuwa amezika watoto watatu na mume mmoja, na alidhani anayajua maneno yote ya kifo, lakini haya hayakuwa na kilio ndani yake. Yaliulizwa kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Kwa nini unauliza hivyo?"

"Basi tu. Mchukue awe wako. Mimi sina kitu cha kumpa. Nimetafuta, mama. Sina."

Siku ile Dorkas hakwenda popote tena. Jembe la Eva na la kwake aliyaingiza ndani, panga akalificha chini ya kitanda chake, na kamba ya kufungia mbuzi akaikunja akaiweka pamoja na panga. Hakumwambia mtu. Asubuhi alimwosha Eva uso kwa maji ya vuguvugu, kama anavyooshwa mgonjwa, akamfunga Yona mgongoni, akamshika mkamwana wake mkono. Walikwenda kwenye zahanati ya misheni, mwendo wa saa moja kwa mtu mzima wa afya. Wao walitumia karibu tatu. Kila kwenye jiwe Eva aliomba wakae.

Muuguzi wa pale aliitwa Elirehema, mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alimning'iniza Yona kwenye mizani, akaandika kwenye kadi, akakunja uso.

"Shikamoo mama. Huyu mtoto mwezi jana ulimleta wewe. Mwezi juzi pia wewe. Leo nashukuru mmekuja wote."

"Marahaba. Mama yake ndiye huyo. Tangu mwezi wa saba amekuwa hivyo unavyomwona." Dorkas alitaka kunyamaza hapo, lakini uchovu wa miezi minne ulimsukuma. "Ninachoshindwa kuelewa ni hiki: alipotoka kujifungua alikuwa moto! Halali, hakai, anatoka jasho kwenye baridi, anakula chungu kizima na hanenepi, mikono inatetemeka kwa haraka ya kazi. Nikasema nimepata mkamwana. Sasa ni gogo. Mtu yule yule! Kama si kujifanya ni nini?"

Elirehema aliiweka kalamu chini.

"Hebu rudia hayo."

"Yapi?"

"Ya moto. Jasho, kukonda, mikono kutetemeka. Yalianza lini, yakaisha lini?"

Dorkas akarudia, safari hii bila hasira, akihesabu kwa vidole: mwezi wa nne, wa tano, wa sita. Muuguzi aliinuka, akaenda nyuma ya kiti cha Eva, akafungua vifungo viwili vya juu vya sweta, akampapasa shingo kwa ncha za vidole.

"Meza mate, mwanangu. Tena."

Huko milimani shingo zilizovimba zilikuwa jambo la kawaida. Rovu hata bibi yake Dorkas alikuwa nalo, kubwa kama embe, akazikwa nalo akiwa na miaka themanini. Nani angetazama uvimbe mdogo wa kiasi kile, tena uliofichwa na kola? Elirehema alimshika Eva kifundo cha mkono, akatazama saa yake, akahesabu mapigo, akahesabu tena.

"Unaona baridi hata leo?"

"Ndiyo."

"Choo unapata?"

"Kwa shida. Mara moja kwa wiki."

"Na mawazo ya kujidhuru?"

Eva alitazama sakafu. Dorkas akajibu kwa niaba yake, akieleza lile swali la kwenye mkeka.

"Hapa sina kipimo," alisema Elirehema. "Lakini nimesomea Moshi, na niliwahi kuwaona wawili kama huyu. Kesho mshuke Same. Nawaandikia barua. Na mama, mpaka hapo asibaki peke yake. Hata dakika."

Walishuka kesho yake kwa pikapu ya tangawizi, Eva akiwa mbele na dereva, Dorkas na mtoto nyuma juu ya magunia. Tambarare ilikuwa inachoma. Mjini Same watu walitembea wakikumbatia kivuli cha kuta. Anderson alipowaona kituoni, mkewe ndani ya sweta zito katika jua lile, na uso wake mkavu bila tone la jasho, alisimama kama mtu aliyepigwa kofi. Ni yeye aliyekuwa amelileta sweta lile. Hakuwahi kujiuliza kwa nini halivuliwi.

Daktari aliyewapokea hospitalini aliitwa Novatus, kijana mpole mwenye macho mekundu ya kukesha zamu. Alisoma barua ya muuguzi mara mbili. Akampigisha Eva magoti kwenye kiti, miguu ikining'inia nje, akamgonga nyuma ya kisigino kwa nyundo ndogo ya mpira. Mguu uliruka, kisha ukarudi taratibu, taratibu, kama mtu anayeitwa na hataki kuja. Akagonga mguu wa pili. Vivyo hivyo.

"Tutachukua damu iende Moshi," alisema. "Majibu yatakuja baada ya wiki tatu. Lakini kwa ninavyoona sitasubiri wiki tatu, nitaanza dawa kidogo leo. Hapa shingoni kuna tezi. Ndiyo inayoupimia mwili mwendo wake: moyo upige vipi, tumbo lisage vipi, joto liwe kiasi gani, hata fikra ziende kwa kasi gani. Kwa baadhi ya wanawake, baada ya kujifungua, mwili unaishambulia tezi yake wenyewe. Kwanza tezi inamwaga akiba yote kwa mkupuo, mtu anawaka. Kisha inabaki tupu, mtu anazimika."

"Ni kwa kukosa chumvi ya madini joto, ile wanayotuhubiria?" aliuliza Anderson.

"Hiyo huleta rovu, na ni kweli milimani ipo. Hili ni jingine. Si kosa la chakula. Wala si kosa lake."

Dorkas aliuliza swali lililokuwa limemkaa kooni tangu kwenye pikapu. "Kwa hiyo ni shingo, daktari? Si moyo?"

Novatus alisugua macho. "Bibi, sitaki nikudanganye. Wapo wanaopata huzuni ya uzazi na tezi zao ni nzima kabisa. Na wapo ambao tezi ikilegea, huzuni inapata mlango wazi. Huyu nadhani ana vyote. Tezi nitaitibu kwa vidonge. Huzuni itapungua pamoja nayo, lakini si siku moja. Na nyumbani mna kazi yenu."

Eva aliinua kichwa. Alizungumza na mama mkwe wake, si na daktari.

"Nilikuwa nasikia Chasu, mama."

"Nini?"

"Chasu. Nimesikia tangu mwaka wa kwanza. Siongei vizuri, lakini nasikia. Uliyomwambia jirani kule mpakani, yote niliyasikia. Kuwa simpendi mtoto." Alipumzika, kama aliyepanda kilima. "Na mimi nikaamini. Nikasema, wao wazee wanajua."

Dorkas alitaka kusema nisamehe, neno likatoka limepondeka, ikabidi alirudie.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimechoka, mama," alijibu Eva. "Siwezi leo. Hata kusamehe kunataka nguvu."

Vidonge vilikuwa vidogo kuliko punje ya mtama. Dorkas alikataa kuamini kwamba kitu kidogo hivyo kingeweza kumnyanyua mtu mzima, lakini kila asubuhi, kabla ya chai, alikiweka kimoja kiganjani mwa Eva na kusimama hadi kimemezwa. Siku kumi hazikuonyesha lolote. Majibu ya Moshi yalipokuja yalisema vile vile alivyosema daktari, dozi ikaongezwa. Wiki ya tano, Dorkas alikuwa anapepeta maharage aliposikia Eva akisema kutoka jikoni, "Kuna joto humu," na sauti ya vifungo ikifuatia. Hakugeuka. Aliendelea kupepeta, machozi yakidondokea kwenye ungo.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya akina mama wa usharika, goti likiuma, akasema: mkamwana wangu alikuwa mgonjwa, nami nilimsingizia, nanyi mkaja kuombea uongo wangu. Kiongozi alitazama chini. Eliaichi alijikohoza. Wimbo uliofuata uliimbwa kwa sauti ndogo.

Haikuwa kwamba Eva aliamka mpya. Mwili ulirudi kwanza: uvimbe wa uso ukashuka, hatua zikawa hatua. Moyo ulifuata kwa kuchechemea. Zilikuwapo siku ambazo alimbeba Yona na kumchekea, na zilikuwapo nyingine ambazo alikaa naye mapajani akilia kwa miezi iliyopotea. Siku hizo Dorkas alijifunza kukaa karibu bila kusema kitu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kulima.

Desemba walishuka kliniki tena. Daktari Novatus alifurahi na mapigo ya moyo, akawaambia dawa iendelee mwaka mmoja, baadaye wajaribu kuipunguza, maana mara nyingine tezi hujiponya. Akawaonya pia kwamba mimba nyingine ingeweza kuyarudisha yote, hivyo waje mapema. Anderson alipofungua mdomo atanie kuhusu mtoto wa pili, mama yake alimkata jicho, akaufunga.

Nje ya geti Eva alisema anataka kwenda kumwona mama yake.

"Nitakupeleka," alisema Dorkas.

Anderson alishangaa, lakini aliwatafutia gari. Kambi ya mkonge ilikuwa nusu pori: mistari ya mkonge imemezwa na miiba, kiwanda kimefungwa, nyumba za bati zimepauka. Rosemary, mwanamke mwembamba mwenye viganja vya makovu, alitoka nje akaduwaa. Alimpokea mjukuu ambaye hakuwahi kumwona. Alimtazama binti yake juu hadi chini. Ndipo akamgeukia mgeni.

"Karibu, dada. Zilinifikia habari kwamba mwanangu amekuwa mvivu huko kwenu. Nililia sana, maana sikumlea hivyo."

Dorkas alikuwa bado amesimama juani, mfuko wa ndizi mkononi.

"Habari hizo nilizitoa mimi," alisema. "Hazikuwa kweli. Alikuwa anaumwa, na mimi nilikuwa naye nyumba moja, sikuona."

Rosemary alimweka mtoto vizuri mikononi. Mtoto alimvuta hereni, naye hakumzuia.

"Mlifika kwa daktari?"

"Tulifika. Anaendelea vizuri. Polepole."

"Basi kaa," alisema Rosemary, akasogeza mkeka kivulini kwa mguu. "Umetoka mbali, na hilo goti naona linakusumbua. Kaa kwanza. Ya kugombana tutagombana baada ya kula."

Dorkas akakaa, akanyoosha goti, akaegemeza mgongo ukutani. Eva alikuwa ameshaingia jikoni kwa mama yake, akifunua sufuria moja moja, akiuliza kuna nini cha kula.